Kadi za Miguu za Armand Gadbois

Armand Gadbois hakuwa mtu wa kukumbuka majina. Nilifanya naye kazi miaka kumi na saba katika duka lile dogo chini ya mlima, na mwaka wa kwanza mzima aliniita "wewe wa kaunta". Lakini akishaishika miguu yako, imekwisha. Miaka kumi baadaye atakutambua barabarani kwa mwendo wako, akumbuke kwamba unavaa buti namba tisa na nusu, unatanguliza mguu wa kulia, na kifundo chako cha kushoto kiliwahi kuteguka. Jina lako atakuwa hana habari nalo.

Mimi ni Verna Sprague, mwenyeji wa Larkin Gore, Vermont, kwa kuzaliwa na kwa ukaidi. Kazi yangu dukani ilikuwa kukaa kaunta, kupaka nta mbao za kutelezea thelujini, na kugombana na wageni. Nasema mapema ili usije ukadhani nakusimulia habari za malaika: Armand aliniudhi mara nyingi kuliko mume wangu, na mume wangu ana kipaji cha kuudhi.

Kazi yake Armand ilikuwa vifungio. Ubao wa theluji kila mtu anausifia, una michoro na rangi zake. Buti mtu anazijaribu dukani huku akitembea kama bata, na watoto wake wanamcheka. Vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye ubao, watu huvichagua mwisho, kwa haraka, kwa kutazama rangi. Hapo ndipo Armand alipokuwa akipandwa na wazimu wake wa kimyakimya. Mlangoni alitundika kibao alichokiandika kwa mkono wake: HAKUNA BUTI, HAKUNA VIFUNGIO. Ukija bila buti zako mwenyewe, hata ungekuwa gavana, atakurudisha hotelini ukazichukue.

Nakumbuka bwana mmoja kutoka Connecticut aliyetaka vifungio vyekundu, vigumu kuliko vyote, kwa sababu alisoma kwamba mabingwa wanatumia vile. Armand alipiga magoti, akamfunga, akachomeka kidole nyuma ya kisigino. Kidole kikaingia chote. Akamwambia kisigino kinacheza, na kisigino kikicheza ubao haumsikii mwenyewe. Halafu akampa vya kijivu, laini kidogo, akamwambia asimame navyo kwenye zulia dakika kumi bila kusema kitu. Hizo sisi tuliziita dakika kumi za Armand. Kila mteja alizipitia. Mtu anasimama pale amefungwa kwenye ubao kama mlingoti, Armand anakunywa kahawa yake, na ikifika dakika ya saba mteja mwenyewe anaanza kusema: hapa juu ya kifundo panachoma, hapa vidole vinakufa ganzi.

"Kinachokusumbua kwenye zulia kitakuliza mlimani," ndivyo alivyokuwa akiwaambia.

Bwana wa Connecticut alinunua vyekundu kwenye duka la jirani. Siku ya pili alirudi anachechemea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilitaka kumwambia, lakini Armand alinikazia macho nikarudi kwenye nta yangu.

Alikuwa na jambo lake jingine ambalo wauzaji hawakulipenda. Mzigo mpya ukifika, alichukua kifungio kimoja cha kila aina akakipeleka nyumbani kwake, akakitundika nje kwenye kamba ya kuanikia nguo. Vilikaa pale hadi Januari itubane vilivyo, baridi ile ya kugandisha kope. Asubuhi moja alitoka na glavu, akakunja kila mkanda na kubana kila kikazio, kile cha kukazia mkanda, mara hamsini. Vilivyopasuka alivirudisha na barua. Alisema plastiki ni kama mchumba, usiisifu wakati wa kiangazi. Ukipita barabara ya juu mwezi huo ungeona vifungio ishirini vinaning'inia kwenye kamba ya marehemu mke wake, pale ambapo zamani zilianikwa shuka.

Mke wake aliitwa Lucienne. Ndiye aliyeanzisha kadi. Alichoka kuona mumewe anamsahau mtu aliyekuja juzi, akachukua kisanduku chake cha mbao cha kuwekea kadi za mapishi, akatoa mapishi, akaweka kadi tupu. Kila mteja kadi moja: jina, namba ya buti, mguu wa mbele, upana wa kusimama, nyuzi za pembe ya mguu wa mbele na wa nyuma, na mwishoni mstari wa maoni. Lucienne aliandika kwa hati nzuri aliyofundishwa na masista, na kwenye maoni alikuwa na ulimi. "Anasema hana tumbo. Analo." "Mkewe ndiye anayejua kuteleza." Armand alipoachiwa kisanduku peke yake aliendelea kuandika kadi, ila maoni yalibaki matupu.

Lucienne aliumwa misimu miwili ya theluji. Binti yao wa pekee, Colette, ndiye aliyemuuguza. Armand alimpenda mkewe, hilo sitamruhusu mtu yeyote alibishe, lakini hakujua kukaa na mgonjwa. Alijua kukaa na mguu. Kadiri hali ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo alivyokuja dukani mapema zaidi. Jumamosi moja ya likizo ya Februari, wiki ambayo wageni wote wa mijini wanatushukia sisi, Colette alipiga simu saa nne asubuhi akasema baba aje sasa hivi. Nilimpelekea habari akiwa amepiga magoti mbele ya mteja. Akaniambia, "Namalizia huyu." Akammaliza huyo, akammaliza na aliyefuata. Alipofika nyumbani Lucienne alikuwa ameshakata roho, na Colette alikuwa ameshamfumba macho.

Colette hakupiga kelele. Ingekuwa mimi ningevunja vyombo. Alimzika mama yake, akapakia gari, akaenda Utah ambako kuna milima mikubwa kuliko yetu na hakuna mtu anayemjua. Miaka sita hakukanyaga Larkin Gore.

Armand alimpigia simu kila tarehe moja ya mwezi, kwa simu ya duka, nami nikiwa hapo hapo. Alimuuliza theluji imefika kiasi gani. Alimuuliza kama amekaza skrubu za vifungio, maana skrubu hulegea zenyewe. Binti alijibu, kisha mzee anasema haya, kwaheri. Dakika tatu, nne zikizidi sana. Akiweka simu alikuwa anafuta kifaa kile kwa kitambaa kana kwamba kimechafuka.

Nitasema nilivyoona bila kupamba: yule mtu alikuwa mpweke mpaka unaogopa kumtazama. Alikula mchana akiwa amesimama kwenye benchi la kazi, maharage ya kopo, kijiko kimoja ambacho alikiosha na kukirudisha mfukoni. Aprili, wakati barabara zinageuka tope na duka linafungwa, alibeba vifungio vibovu nyumbani ili awe na kitu cha kufungua na kufunga. Nilimpelekea pai ya nyama ya Krismasi, akashukuru, na nilipopita baadaye nilimwona anaila ndani ya gari lake, uani kwake, taa za nyumba zimezimwa. Nilimwonea huruma. Kwa bahati mbaya huruma yangu hutoka kama ugomvi, kwa hiyo kesho yake nilimgombeza kwa kuacha bisibisi kaunta.

Halafu mwezi Januari wa mwaka wa sita Colette akapiga simu mwenyewe, na haikuwa tarehe moja. Alisema anakuja. Atafika Alhamisi ya wiki ya likizo ya Februari, ataondoka Jumamosi, ndege ya saa saba mchana kutoka Burlington. Alisema ana jambo la kuzungumza. Armand alisikiliza, akasema, "Ubao wako upo. Nitakuwekea vifungio." Akakata simu, akaniambia Colette anakuja, akaingia chumba cha nyuma akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

Wiki tatu nzima alichagua vifungio. Alitoa kila aina, ya sokoni na ya kabatini. Hivi ni vyepesi lakini mgongo wake mgumu, utamchoma nyama ya mguu. Hivi vinastarehesha lakini kitako chake ni plastiki tupu, msimu mmoja vimekwisha. Hivi mikanda yake inakunja buti juu. Mwisho alikaa na pea moja nyeusi iliyopita salama kwenye kamba, kitako cha alumini, mikanda yenye sifongo nene, vikazio vinavyofunguka hata na glavu. Alibadilisha skrubu zote. Akatoa kadi ya Colette kwenye kisanduku, iliyoandikwa na Lucienne: namba saba, kushoto mbele, nyuzi kumi na tano mbele na sita nyuma. Kwenye maoni mama yake alikuwa ameandika, "Mkaidi kama baba yake, ila anateleza vizuri zaidi." Akavipima kwa kadi ile, akavikaza ubaoni.

Nikamwambia, "Mzee, kibao chako mlangoni kinasemaje? Buti za mtoto umeziona wapi?"

"Mguu wa mtu mzima hauongezeki," akanijibu. "Labda azeeke au azae. Colette ana miaka thelathini."

Mganga hajigangi. Niliendelea kupaka nta.

Colette alifika Alhamisi jioni, nami nikamwona Ijumaa asubuhi alipoingia dukani na mfuko wa buti begani. Alikuwa amekonda usoni na amejaa mabegani, nywele zimekatwa fupi. Alinikumbatia akaniita anti Verna kama zamani, akasema duka linanuka vilevile. Nikamuuliza amelalaje. Akasema amelala chumbani kwake, na kwamba baba yake alimwandalia mayai na sharubati ya mti wa maple, wakala, wakaongea habari za theluji.

"Theluji tu?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Na skrubu," akasema, akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

Armand akauleta ubao mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta keki. Colette alivitazama vile vifungio, akagusa mikanda, akafungua na kufunga kikazio kimoja. Niliona kwamba ameelewa kazi iliyofanyika pale. Akatoa buti zake mfukoni, mpya kiasi, akavaa, akaingiza mguu wa kushoto.

Buti haikuingia. Kisigino kilikaa juu ya ukingo wa nyuma, mkanda wa mbele haukufika. Armand alifikiri ni uvaaji tu, akamwambia alegeze mikanda. Akalegeza. Haikuingia. Akageuza ulimi wa buti akasoma namba: nane na nusu. Akamuuliza kwa nini anavaa buti za mtu mwingine. Colette akasema ni zake.

Kwenye msumari nyuma ya kaunta kilikuwa kimetundikwa kipimo chake cha miguu, kile cha chuma chenye kisukumio, kizito, namba zimefutika kwa miaka. Alikichukua. Akamwambia avue. Akapiga magoti mbele ya binti yake kama alivyopiga mbele ya watu elfu, akaweka kisigino chake penyewe, akasukuma. Nane. Akapima wa kulia. Nane na kidogo. Akatazama wayo, namna ulivyolala na kutanuka. Nilikuwa nimeshajua mimi. Nimezaa watatu, nilianza na sita na nusu nikaishia nane, na Armand mwenyewe ndiye aliyenipima kila mara na kunicheka kwamba wanangu wamenikanyagia miguu. Hakuna mtu bonde zima aliyejua jambo hilo kuliko yeye. Kila mama mpya aliyeingia dukani alimwambia arudie kipimo.

Alibaki ameushika ule mguu. Hakuinua kichwa.

"Ana umri gani?" akauliza.

Colette alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. "Minne. Machi anatimiza mitano."

"Wa kike?"

"Wa kike. Anaitwa Lucie."

Ilikuwa bado mapema, dukani tulikuwa watatu tu. Nilitamani mteja aingie na nilitamani asiingie.

"Hukuniambia," akasema Armand, bado anautazama mguu.

"Hukuniuliza, Baba." Sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililoniuma. "Kila mwezi nilikaa na simu mkononi nikisema leo ataniuliza hali yangu. Ukaniuliza theluji. Mwanzoni nilinyamaza kwa hasira. Baadaye nikaona aibu, mtoto ana mwaka, ana miaka miwili, nitaanzia wapi. Ndiyo nimekuja."

Sasa hapo ndipo mtu mwingine yeyote angeinuka akamkumbatia mwanawe. Hata mimi na hasira zangu ningeinuka. Armand aliutua mguu polepole kwenye zulia, akauchukua ubao, akasema, "Nitabadilisha vifungio. Hivi ni vidogo." Akaenda zake kwenye benchi. Tukasikia bisibisi.

Colette alisimama pale na soksi. Nilimfuata Armand nyuma nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Skrubu ilimponyoka mara mbili, na Armand hakuwahi kuangusha skrubu mbele yangu miaka yote ile. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa amekimbia kwa kutojali. Alikuwa amekwenda mahali pekee anapojua kusimama. Kuelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo.

Aliporudi alikuwa na pea kubwa kidogo, ya aina ileile nyeusi. Akamfunga, akachomeka kidole nyuma ya kisigino, hakikuingia. Akamsimamisha dakika kumi. Baba na mwana walisimama, saa ya ukutani ikihesabu. Ilipokwisha Colette akasema haviumi popote.

"Kesho kabla sijaondoka nataka tupande mlimani sote," akasema. "Kiti cha kwanza cha kebo ya kupandia, saa mbili na nusu. Nitakusubiri chini pale. Nina picha zake, na kuna mambo mengi. Utakuja?"

"Nitakuja," akasema Armand.

Jumamosi nilifika saa moja. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye rundo la theluji nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini wiki ile wageni wetu huja wote kwa pamoja, wamesahau glavu, wamepoteza mikanda, watoto wanalia. Armand alikuwa ameshavaa koti na kofia ya sufu, buti zake za zamani miguuni, ubao wake umeegemezwa mlangoni. Sikuwa nimemwona na ubao ule tangu Lucienne augue. Alikuwa amenyoa. Nikamwambia aende, nitawamudu.

Saa mbili na robo, mkono wa Armand uko kwenye kitasa, aliingia baba mmoja na mabinti wawili. Kifungio chake kilikuwa kimekatika kikazio, vipande viko kiganjani. Alisema amewaahidi watoto, alisema hii ndiyo siku yao ya mwisho, alisema ni dakika tano tu. Nilimwambia akae kwenye foleni. Lakini Armand alishaviona vile vipande. Alivitazama kama daktari anavyotazama jeraha, akavua glavu.

"Nenda, mzee," nikamwambia. "Nenda sasa hivi."

"Namalizia huyu," akasema.

Nafikiri hakujisikia alichosema. Mimi nilisikia, nikaganda na pesa za mtu mkononi. Kisha mteja akaniuliza kitu, na mwingine akaniuliza, na duka likanimeza. Yule baba alipotoka, mama aliyefuata alikuwa ameshakaa kwenye kiti ameunyoosha mguu, na Armand alikuwa ameshapiga magoti. Najilaumu. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, ningeweza kumvuta kola.

Nilipotazama saa tena ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nikapiga kelele, jina lake lote, mbele ya watu wote. Armand akainua kichwa, akatazama saa, na uso ulimwisha rangi. Alitoka mbio bila ubao, bila kofia, koti limefunguka. Mzee wa miaka sitini na sita na buti zile nzito, anakimbia kwenye barafu. Watu kwenye foleni walimpisha wakidhani kuna ajali.

Alirudi baada ya nusu saa, anatembea. Chini ya mlima, kwenye viti vya kebo, hakumkuta. Kijana wa viti alimwambia msichana mwenye nywele fupi alisubiri peke yake mpaka saa tatu na nusu, akiwaacha watu wampite, kisha akapanda mara moja, akashuka, akaondoka. Armand alipita mlango wa nyuma wa duka. Ubao wa Colette ulikuwa umeegemezwa pale, umefutwa theluji, vifungio vimefungwa vizuri kama alivyomfundisha alipokuwa mdogo. Alama za gari la kukodi zilikuwa bado mbichi.

Chini ya mkanda wa mguu wa kushoto kulikuwa na kadi. Moja ya zile za kisandukuni, sijui aliichukua saa ngapi. Armand aliisoma amesimama uani, akaisoma tena, akaja akanipa. Iliandikwa kwa kalamu ya risasi:

Jina: Lucie Gadbois. Namba ya buti: ____. Mguu wa mbele: ____. Upana: ____.

Na kwenye maoni: "Vifungio vimekaa vizuri, Baba. Sijawahi kuvaa vizuri kama hivi. Huyu sikuletei namba yake. Hakuna buti, hakuna vifungio." Chini yake anwani ya Utah.

Nilimwambia yasiyo na maana, kwamba atapiga simu, kwamba mtoto atakua, kwamba maji yakimwagika hayazoleki lakini kisima bado kipo. Yeye alikuwa ananitazama mdomo kana kwamba naongea lugha ya ng'ambo. Akaiweka kadi mfuko wa shati, akarudi dukani, akapiga magoti mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri. Akafanya kazi mpaka kufunga. Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba Armand Gadbois amekwisha, kwamba mtu akishindwa mara mbili jambo moja hana dawa, na mume wangu akasema nipunguze sauti.

Jumapili ile ndiyo siku kubwa kuliko zote za msimu. Nilifika saa moja kasoro robo, nikakuta watu wameshapanga mstari na mlango umefungwa. Gari la Armand halikuwepo. Katika miaka kumi na saba sikuwahi kufungua mlango ule mimi mwenyewe. Ilinibidi nitafute ufunguo chini ya ndoo. Ndani kulikuwa baridi, jiko halijawashwa. Benchi lake lilikuwa safi, bisibisi zote zimepangwa. Kisanduku cha Lucienne kilikuwa wazi, na nyuma ya kaunta, pale kilipokuwa kinatundikwa kipimo cha chuma, palikuwa na msumari mtupu.

Niliketi kidogo kwenye kiti cha wateja. Duka lilikuwa kubwa ghafla. Halafu watu wakaanza kugonga kioo, nikawasha jiko, nikafungua.

Sikuwa na cha kupimia. Nilitandaza karatasi ya kufungia kwenye zulia nikawachorea nyayo kwa kalamu, mmoja mmoja, magoti yangu yakilia, na nadhani nusu yao niliwafunga vibaya. Wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja mwenye buti mpya, aliyesema ameambiwa hapa kuna mzee anayejua kazi. Akaniuliza yuko wapi.

Nikamwambia amekwenda kupima mguu.